Barua ya wazi kwa Bodi ya Shule: tuonyesheni karatasi kabla hamjahamisha watoto

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, na wajumbe wote wa Bodi,

YAH: SHULE YETU KUHAMIA MAJENGO MAPYA

Waheshimiwa, salamu. Mwalimu Mkuu, shikamoo.

Naandika hapa hadharani manake kule ndani tumeshaongea mpaka basi. Barua zimeletwa ofisini, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, halafu kimya. Wazazi wengine wameandika pia, wamepiga simu, wamemfuata mjumbe mmoja mmoja kwa adabu zote, na jibu ni lile lile, "suala linafanyiwa kazi". Kwenye kikao cha wazazi tukaonyeshwa picha za kompyuta za jengo jipya, vioo vinang'aa, watoto wa kwenye picha wote wanacheka, na ilipofika zamu ya maswali tukaambiwa muda umekwisha. Kwa hiyo leo nayasema pale ambapo kila mtu anasoma, na nayasema kwa heshima, ila sitapunguza kitu.

Kwanza niweke wazi jambo moja maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba huyu anapinga maendeleo. Sipingi kuhama. Mimi nimesoma hapo hapo na wanangu wanasoma hapo, najua bati linavuja wapi, najua nyaya za umeme zilivyochoka, najua madarasa yalijengwa kwa watoto nusu ya waliopo sasa. Na shule kuhama sio dhambi wala sio jambo jipya. Charterhouse ya Uingereza, shule iliyoanzishwa 1611, iliondoka katikati ya London mwaka 1872 ikaenda Godalming kwa sababu jiji lilikuwa limeibana, na mpaka leo ipo. St Paul's, shule nyingine ya London, nayo imehama zaidi ya mara moja. Shule ya zamani inaweza kuhama ikabaki shule. Ila haihami kwa tetesi za kwenye grupu la WhatsApp, na sisi mpaka leo kila tunachojua tumekijulia huko, sio kwenu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Nani aliamua, na lini?

Hatujawahi kuona muhtasari wa kikao kilichopitisha uamuzi wa kuhama. Hatujui kama wajumbe walipiga kura, hatujui kama wawakilishi wa wazazi waliitwa au waliambiwa baadae, hatujui kama viwanja vingine viliangaliwa kabla ya hiki. Kiwanja kipya kilitoka wapi? Maana siku moja tuliamka tukakuta kishapatikana. Naomba muhtasari, basi, hata kama mtafuta majina ya waliosema nini.

2. Kiwanja cha zamani kinakwenda kwa nani?

Hapa ndio penyewe waheshimiwa, na nitakaa hapa kidogo maana hili ndilo swali ambalo kila mtu analo na hakuna anayetaka kulijibu. Shule yetu ilijengwa zamani wakati eneo lile lilikuwa pembezoni, mji ukakua ukaizunguka, leo ile ardhi inatamaniwa na kila mwenye hela. Mnatuambia tunahama kwa sababu majengo yamechoka. Sawa, yamechoka. Lakini majengo yakichoka yanakarabatiwa au yanabomolewa yanajengwa mengine pale pale, kwa hiyo mtuambie kwa nini njia hiyo ilishindikana, na je kuna mtu alishaonyesha nia ya kununua kabla hata mkandarasi hajaja kupima nyufa? Mimi simtuhumu mtu. Nauliza mpangilio wa tarehe tu, kipi kilitangulia.

Na mfano upo. Shule ya Raffles Institution ya Singapore ilianzishwa 1823, ikakaa Bras Basah katikati kabisa ya mji zaidi ya miaka mia. Mwaka 1972 ikahamishiwa Grange Road, majengo ya zamani yakabomolewa, na pale yalipokuwa leo pamesimama Raffles City, yani maduka, hoteli na maofisi. Halafu 1990 shule ikahamishwa tena, ikaenda Bishan. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza kuhama alikuwa hata hajafikisha miaka ishirini shule inahama mara ya pili. Shule yenyewe haikufa, tena inafanya vizuri sana, hilo nalikubali. Ila ukishatoka kwenye ardhi yako hurudi, na huko unakoenda unaweza kuambiwa tena siku moja kwamba panatakiwa kwa jambo lingine.

Upande mwingine wapo ambao jengo la zamani liliwabakia kama mzigo. Royal High School ya Edinburgh, Scotland, iliondoka kwenye kilima cha Calton Hill 1968 ikaacha jengo kubwa la mawe lililofunguliwa 1829, na kuanzia hapo likawa la mabishano kwa zaidi ya miaka hamsini, mara litakuwa bunge, mara litakuwa hoteli, mara kituo cha muziki. Muda wote huo watu wanabishana jengo linachakaa.

Lakini ipo pia njia nzuri, ndio maana nasema sipingi kuhama. Charterhouse ilipoondoka London, sehemu kubwa ya eneo lake ilichukuliwa na shule nyingine, Merchant Taylors', ikafundishia watoto pale kuanzia 1875 mpaka 1933. Shule ya sekondari ya Stuyvesant ya New York ilipohamia jengo jipya 1992, lile la zamani la East 15th Street halikugeuzwa maghorofa ya kupangisha, mpaka leo ndani yake zinasomeshwa shule nyingine. Kwa hiyo mnaweza kuamua kwamba ardhi ya elimu inabaki ya elimu. Ni uamuzi, sio miujiza.

Sasa maswali yenyewe. Hati ya kiwanja cha zamani ina jina la nani? Kama kilitolewa na wahisani au na wananchi kwa ajili ya shule, je kuna sharti kwamba kisitumike kwa kitu kingine? Watu wazima wa eneo lile wanasema baba zao walichangia nguvu zao pale, walibeba mawe, je hao wameulizwa? Kama kimeuzwa, kimeuzwa kwa tenda ya wazi au kwa mazungumzo ya ofisini? Kama kimekodishwa, miaka mingapi? Na kama jengo jipya limejengwa kwa mkopo, je kiwanja cha zamani ndicho kimewekwa dhamana? Manake hapo tukichelewa kulipa tutakuwa tumekosa vyote viwili.

3. Jengo jipya halijaisha, na mnataka watoto waingie

Nimepita pale kama wazazi wengi walivyopita. Kwa nje ni zuri, tusidanganyane. Lakini kuna upande mabomba bado yamelala chini, fensi haijazunguka, na ngazi za nyuma hazina vishikio. Tunaambiwa yatamaliziwa "watoto wakiwa ndani". Waheshimiwa, watoto wakiwa ndani ya saiti?

Naomba mtujibu haya bila picha za kompyuta.

Moto. Mwezi wa tatu 1908 shule moja ya Collinwood, Ohio, Marekani, iliungua na watoto 172 wakafa, wengi wao wakiwa wamekwama kwenye njia ya kutokea ambayo ilikuwa imebanwa, nyembamba, wamelaliana. Miaka hamsini baadae, Desemba 1958, shule ya Our Lady of the Angels ya Chicago nayo ikaungua, wakafa wanafunzi 92 na masista watatu. Sheria nyingi za leo za milango na ngazi za shule zilikaza baada ya vifo kama hivyo. Sasa jengo letu lina ghorofa, je kikosi cha zimamoto kimelikagua kikaandika? Cheti cha kuruhusu jengo litumike kipo? Kama kipo kibandikeni getini kesho, hili la tatu nusu yake litakuwa limeisha.

Hewa. Rangi mpya, gundi, mbao zilizoshindiliwa za makabati na madawati mapya, vyote hivyo vinatoa gesi, formaldihaidi ikiwemo, na inatoka kwa wingi zaidi miezi ya mwanzo. Dawa yake ni rahisi tu, madirisha wazi na muda. Sasa nyie mmeweka vioo visivyofunguka vyote, na muda ndio huo mnaukata. Mtoto mwenye pumu tunamwambiaje?

Kelele. Jengo limeegemezwa barabara kuu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa kelele wa 1999 lilisema darasani wakati wa kipindi kelele za pembeni zisizidi desibeli 35, na mwangwi wa sauti udumu kama sekunde 0.6 tu, na kwa watoto wenye shida ya kusikia upungue zaidi. Desibeli 35 ni utulivu wa chumba kimetulia kweli, sio upande wa malori yanayopanda mlima. Na madarasa yenye sakafu ya vigae, kuta tupu na dari ya juu mwalimu akiongea sauti inamrudia. Yule anayekaa nyuma ataambulia nini? Je kuna mtu aliyepima?

Kuna na ishu ya kiti cha magurudumu. Tumeonyeshwa "rampu" ambayo mimi mzima nikiipanda nashika ukuta. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni kwamba ukipanda mita moja uwe umetembea mita kumi na mbili. Ile yenu haifiki hata nusu. Maji nayo, yaliyolala kwenye mabomba mapya wiki na wiki yanatakiwa yamwagwe na yapimwe kabla mtoto hajanywa, nani atafanya hiyo kazi na majibu yatabandikwa wapi?

4. Njia ya kwenda na kurudi

Shule ya sasa wengi wanakwenda kwa miguu. Hilo halionekani kwenye mahesabu yenu kwa sababu kutembea hakuna risiti. Tukihama, mtoto aliyekuwa anatoka nyumbani jua limeshachomoza itabidi atoke gizani, avuke barabara kuu ambayo haina kivuko, haina taa, haina hata tuta, na jioni arudi hivyo hivyo.

Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hayo ni ya Shirika la Afya Duniani na yamerudiwa ripoti baada ya ripoti. Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale ambapo watembea kwa miguu na magari wanachanganyikana. Barabara ya mbele ya jengo jipya magari yanapita kwa mwendo gani wote tunaujua, hatuhitaji ripoti.

Halafu umbali wenyewe unafukuza watoto, hasa wasichana. Jimbo la Bihar kule India walianza 2006 kuwapa baiskeli wasichana wanaoingia darasa la tisa, na watafiti waliofuatilia wakakuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32, na ongezeko kubwa lilikuwa kwenye vijiji vilivyo mbali na shule. Yani hawakuwa hawataki kusoma, shule ilikuwa mbali. Sasa sisi tunachukua shule iliyo karibu tunaipeleka mbali kwa hiari yetu, bila baiskeli, bila basi, na mnasema "wazazi watajipanga". Watajipanga wenye uwezo. Wengine mtoto ataacha shule na kwenye rejesta itaandikwa mtoro.

Kama kuna mpango wa basi, tuambieni ni mangapi, yanapita wapi, na nani analipa. Kama hakuna semeni hakuna.

5. Kuhama katikati ya mwaka

Sitaongea sana. Kuna darasa la mtihani. Kuwahamisha hao wiki chache kabla ya mtihani, maabara iko kwenye maboksi na maktaba imefungwa kamba, ni jambo ambalo hata sijui mlilikubali vipi. Nimesikia sababu ni tarehe ya uzinduzi, mgeni rasmi ameshapangiwa. Mgeni rasmi anaweza kuja hata likizo, mtihani hausogei.

6. Kumbukumbu, na watu

Shule ya zamani ina karatasi. Rejesta za miaka na miaka, nakala za matokeo, picha za ukutani, vikombe vya michezo ambavyo nusu yake majina yameshafutika. Kuna watu wazima leo cheti kilipotea au kiliungua na ushahidi pekee kwamba walisoma ni mstari mmoja kwenye rejesta iliyo stoo. Nasikia stoo "itasafishwa" kabla ya kuhama. Neno hilo linanitisha kuliko yote. Kabla ya kusafisha chochote orodha iandikwe, rejesta zipigwe picha kurasa kwa kurasa, na zisafirishwe kwenye maboksi yenye namba na mtu mmoja awajibike nazo. Sisi wa zamani tutakuja kusaidia bure, wikiendi hata tatu mfululizo, mtuite tu.

Na jengo jipya lionyeshe kwamba shule haijazaliwa mwaka huu. Kule Stuyvesant waliweka ukutani vipande vya vioo vyenye vitu vya wahitimu wa miaka iliyopita, na vingine wakaviacha vitupu kwa ajili ya watakaohitimu baadae. Sio lazima tuige vioo. Kengele ya zamani ihame nasi, majina ya walimu wakuu waliopita yahame, hata mlango mmoja.

Tena wapishi, walinzi, mama wa usafi na yule fundi ambaye ndiye anayejua kila koki ya maji iko wapi, hao wameambiwa wanahama na shule au wameambiwa wasubiri? Walimu waliopanga vyumba karibu na shule je? Mwalimu akitumia saa mbili njiani ndio somo la kwanza hilo limekwenda.

Sasa najua mtajibu nini.

Mtasema haya ni ya wazazi wachache wenye kelele. Basi itisheni kikao, tuhesabiane. Mtasema mikataba ni siri ya kibiashara. Bei ya saruji inaweza kuwa siri ya mkandarasi, sawa, lakini hati ya kiwanja cha shule sio biashara ya mtu. Mtasema kila maendeleo yana maumivu yake. Yanayo, ila naona wanaoumia kila siku ni wale ambao hawakukaa kwenye kikao. Na mtasema hela zishatumika hatuwezi kurudi nyuma. Hakuna aliyesema mrudi nyuma! Kusubiri muhula mmoja mpaka vishikio vifungwe na kivuko kichorwe sio kurudi nyuma, na hela iliyokwisha kutumika haigeuki kuwa cheti cha zimamoto.

Kuna mjumbe aliniambia pembeni, kwa nia njema nadhani, kwamba nikinyamaza wanangu watapata nafasi nzuri kwenye hosteli mpya. Simtaji. Ila ndio moja ya sababu hii barua iko hapa na haipo kwenye bahasha.

Tunachoomba:

a) Muhtasari wa kikao kilichoamua kuhama, pamoja na ripoti ya injinia kuhusu majengo ya zamani.

b) Nakala ya hati ya kiwanja cha zamani na maandishi ya Bodi kwamba hakitauzwa, hakitakodishwa wala kuwekwa dhamana mpaka wazazi, wanafunzi wa zamani na watu wa eneo lile wasikilizwe. Na tunapendekeza kibaki kuwa cha elimu, iwe madarasa ya wadogo, iwe chuo cha ufundi, iwe maktaba.

c) Cheti cha jengo jipya kutumika, ukaguzi wa zimamoto na majibu ya maji, vibandikwe getini kabla mtoto hajakanyaga.

d) Kivuko, alama za mwendo na mpango wa basi kwa maandishi.

e) Uhamisho ufanyike likizo ya mwisho wa mwaka, darasa la mtihani lifanyie mtihani wake pale lilipozoea.

f) Kamati ya kumbukumbu, ianze kazi kabla stoo haijaguswa.

Ukisoma hiyo orodha vizuri utaona nyingi ni karatasi ambazo kama kila kitu kiko sawa zinatakiwa ziwe tayari kwenye faili. Kwa hiyo tunawapa siku 21 kuanzia leo. Zikipita bila jibu la maandishi, mimi na wazazi waliokubali kuweka majina yao tutakwenda kwa msajili wa ardhi kuomba rekodi za kiwanja, tutakwenda kwa mamlaka ya elimu na kwa zimamoto kuomba ukaguzi, na barua zao tutaziweka hadharani kama hii.

Mkiita kikao kabla ya hapo tutakuja, na tutakaa mpaka swali la mwisho liulizwe.

Wenu mtiifu,

Mzazi, na mwanafunzi wa zamani wa shule hii

Nakala:
Umoja wa Wazazi
Wanafunzi wa zamani
Ofisi ya elimu
Ubao wa matangazo wa shule, kama mtaruhusu ibandikwe